Mume wangu aliacha dawa madhabahuni, nami namwekea kwenye uji

Mama Mshauri, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 36, mama wa watoto watatu, naishi Mbeya na nauza mchele sokoni. Mume wangu anaendesha bodaboda, na kanisani kwetu ni kiongozi wa maombi. Ni mtu mwema, mama, nataka ulijue hilo kabla sijasema mengine. Hanywi, hanipigi, na tangu anioe hajalala nje isipokuwa kwenye mkesha.

Miaka minne iliyopita, baada ya mfungo wa mwaka mpya, alianza kutolala. Usiku anaomba kwa sauti, alfajiri anatoka bila kula, mchana anahubiri stendi, jioni yuko kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba. Hachoki. Anaongea haraka mpaka maneno yanapandana. Kanisani watu walifurahi, mchungaji akasema mbele ya wote kwamba moto umemshukia, watu wakawa wanatugongea usiku wa manane waombewe. Nami nilifurahi, sitakuficha. Halafu akachukua akiba ya ada ya watoto akampa mtu aliyekutana naye njiani. Akasema tutapewa magari matatu. Baadaye akawa mkali, akamkemea mama yake mzazi kwamba ni mchawi, siku nyingine akavua nguo barabarani. Majirani ndio walionisaidia kumfikisha hospitali.

Daktari aliniambia ni baipola. Alilazwa, akapewa dawa, akatulia. Lakini baada ya kutoka alianguka upande wa pili. Miezi miwili alikuwa kitandani, haogi, hataki kuona watu, anasema Mungu amemwacha na bora akapumzike. Wale wale waliosema ameshukiwa na moto wakaanza kusema ana dhambi aliyoificha.

Pole pole dawa zilimrudisha. Miaka mitatu tumeishi vizuri, akarudi kazini, tukajenga kwenye kiwanja chetu. Ila alikuwa na manung'uniko: amenenepa, asubuhi anaamka mzito, na kubwa kuliko yote, akiomba hasikii kitu. Aliniambia, "Mke wangu, siku hizi naongea na dari."

Mwaka huu alikuja mhubiri mgeni, mkutano wa wiki nzima. Mume wangu akaitwa mbele, akaulizwa kama anaamini ameshaponywa. Kesho yake akaja na mfuko wa dawa akauweka madhabahuni. Watu walishangilia mpaka wengine wakalia. Ushuhuda ukarekodiwa kwa simu na kusambazwa kwenye magrupu. Haukupita mwezi, usingizi ukaanza kukatika tena. Sasa kwa usiku mzima analala kama saa mbili tu. Ametangaza kwamba atauza kiwanja, na nyumba tunayoishi ikiwemo, apande mbegu kwa ajili ya ujenzi wa kanisa.

Mama, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Kabatini palikuwa na pakiti za dawa alizosahau. Kwa wiki tatu sasa nazisaga na kumwekea kwenye uji wa asubuhi. Siku nyingine kimoja, siku nyingine viwili, kulingana na ninavyomwona ameamkaje. Amepungua makali kidogo. Lakini juzi rafiki yake wa kijiweni aliniambia mume wangu anasinzia juu ya pikipiki.

Nilijaribu kuongea na mchungaji. Aliniambia nisiwe Yezebeli anayezima nabii wa Bwana, na kwamba nikisema neno "dawa" namwondolea mume wangu uponyaji wake. Mama mkwe naye anasema mwanawe ametupiwa kitu, anataka kumpeleka kwa mtaalamu huko kijijini.

Ninachofanya na uji ni dhambi? Na je, huu ni ugonjwa au ni pepo? Au kweli mimi ndiye nisiye na imani?

Jina langu lisitajwe.

Mama wa Uji, Mbeya

*

Marahaba mwanangu. Amina, jina lake lisifiwe.

Nianze na uji, maana mengine yanaweza kusubiri, hilo haliwezi. Kesho asubuhi, kabla hujafungua biashara, nenda kliniki ya afya ya akili pale alipotibiwa. Chukua pakiti zote zilizobaki, hata zilizo tupu. Mwambie daktari au muuguzi ukweli mtupu: ulianza lini, unasaga vingapi, siku zipi ulimpa viwili, siku zipi hukumpa. Usione haya, si wewe wa kwanza kufanya hivyo. Usiamue mwenyewe kukata ghafla kwa sababu umesoma barua hii, kwa kuwa dawa za aina hiyo zikikatwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Wala usiendelee kubahatisha. Ndiyo maana nasema kesho, sisemi wiki ijayo.

Na hiyo pikipiki. Unampa mtu dawa ya kusinzisha bila yeye kujua, halafu anapanda bodaboda na abiria nyuma, kwenye miteremko ya Mbeya na malori ya Tunduma. Yeye hawezi kujihadhari na kitu asichokijua. Tafuta sababu yoyote ya kuizuia hiyo pikipiki kwa siku mbili hizi: ufunguo umepotea, tairi ina pancha, kaka yako anaiazima. Mimi ni mtu wa kanisa na sipendi uongo, ila huo nitaubeba pamoja nawe.

Kuna mengine ambayo huenda hukuambiwa. Vidonge vingine vimetengenezwa viyeyuke taratibu kutwa nzima. Ukivisaga, dawa ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Vingine vinahitaji damu ipimwe mara kwa mara kuangalia ini. Na akizidiwa leo usiku akapelekwa hospitali, atachomwa sindano ya kutuliza na watu wasiojua kwamba asubuhi alikunywa nyingine kwenye uji.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Ugonjwa huu ukipanda huja na shuku. Siku moja atasema, "Mke wangu ananiwekea kitu kwenye chakula." Watu watatikisa kichwa na kusema huyo ameshachanganyikiwa, kumbe siku hiyo yeye peke yake ndiye atakuwa anasema kweli. Akiligundua, hatakula tena kwa mkono wako, wala hatakunywa dawa ya mtu yeyote. Kwa hiyo atapaswa kuambiwa, na ni wewe umwambie, lakini si leo akiwa juu hivyo. Mpangie na daktari siku na mahali.

Umeuliza kama ni dhambi. Uliachwa peke yako na mgonjwa, kanisa zima likimpigia makofi, ukashika kitu pekee kilichokuwa kabatini. Ni kosa, na linarekebishika. Mizani ya dhambi ningeipeleka kwanza kwa waliompokea mfuko wa dawa pale mbele bila hata mmoja wao kuuliza ni za nini.

Sasa la pepo. Sitabishana na mtu kama mapepo yapo. Naamini Injili, na Injili inayataja. Lakini isome vizuri: Mathayo 4:24 anaorodhesha waliomjia Yesu, na anawataja wenye maradhi mbalimbali, wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza, kila kundi kwa jina lake. Hakuwatia wote kwenye kapu moja. Mchungaji wako atakujibu kwamba sura ya 17 kuna kijana mwenye kifafa aliyetolewa pepo, naye atakuwa amesoma sawa. Basi tumwachie Yesu uwezo wa kutambua kipi ni kipi. Sisi tuliobaki tunaangalia historia ya mgonjwa. Ya mumeo umeiandika mwenyewe: alipatwa baada ya mfungo na kukesha, akatulia kwa dawa, akakaa miaka mitatu, akaziacha, haukupita mwezi dalili zile zile zikarudi kwa mpangilio ule ule. Pepo gani huyo anayetii vidonge miaka mitatu na kurudi vikiisha?

Mimi sijampima mumeo, na barua haiwezi kupima mtu. Daktari alimpima na akakwambia baipola. Huo ni ugonjwa unaomtupa mtu juu kwa majuma, kisha unamtupa chini kwa muda mrefu kuliko aliokaa juu. Akiwa juu halali na hachoki, mawazo yanakimbia, mdomo unayafuata, fedha zinatoka mkononi, na anajiona ameteuliwa. Ukimpata mwanasiasa atasema yeye ndiye rais ajaye. Mfanyabiashara atafungua maduka matano kwa mkopo. Ukimpata mtu wa maombi, atazungumza lugha ya maombi. Hakuna lugha nyingine aliyonayo. Ndiyo maana kanisani hawakuutambua: ulivaa nguo zao.

Wengi wananiuliza, tutatofautishaje mtu aliyejaa Roho na mtu anayepanda? Mimi siangalii maombi yake, naangalia usingizi wake. Mtu aliyekesha akiomba Ijumaa, Jumamosi mchana utamkuta amelala mkekani mdomo wazi, mwili unadai chake. Mgonjwa wa baipola anayepanda analala saa mbili leo, saa mbili kesho, na kila siku anaamka na nguvu kuliko jana. Hiyo si neema, ni hatari. Na kinyume chake pia ni kweli: kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuuamsha ugonjwa uliolala. Kwa mtu wa hali yake, mkesha ni hatari kama sukari kwa mwenye kisukari. Ataabudu asubuhi, ataabudu Jumapili, atafundisha jioni na kurudi nyumbani saa tatu. Mikesha ameshamaliza, na hata akipona vizuri, msimamo ni huo. Kufunga kavu nako aache. Mtu anayemeza dawa za namna hiyo anahitaji maji na chakula.

Hapo sasa niseme juu ya dari. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi kuliko nyingine zote ulizoandika, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo sababu ya kuacha dawa. Yule mhubiri mgeni alikuta mlango ulio wazi tayari. Mumeo alipokuwa juu, mbingu zilikuwa karibu, kila mstari wa Biblia ulikuwa umeandikwa kwa ajili yake. Dawa zikamteremsha mpaka chini tulipo sisi wengine, ambako mtu huomba na asisikie kitu, akaamka, akaenda kazini. Kwake huko si kupona, ni kufiwa. Tukimwambia "unaendelea vizuri," anatuona hatujui alichopoteza.

Kwa hiyo usimwambie kwamba yale yote hayakuwa ya Mungu. Hujui, nami sijui. Mwambie kwamba umeona anavyohuzunika. Halafu ampelekee daktari malalamiko yake kwa majina: uzito, kuamka mzito, na hilo la kuomba bila kuhisi. Mara nyingi dozi ikibadilishwa, au dawa ikihamishiwa usiku, au ikiletwa ya aina nyingine, mtu huchangamka. Alikuwa na haki ya kulalamika kwa miaka mitatu, na sidhani kama kuna aliyemuuliza. Hospitali zetu zina foleni, daktari anaandika dawa zile zile na tarehe ya kurudi. Hilo nalo lina mchango wake katika kumpeleka madhabahuni, tusilitupe lote kwa mchungaji.

Siku atakapokuwa ametulia, msomee Wafalme wa Kwanza, sura ya 18 na ya 19, kwa mfululizo bila kukata. Sura ya kwanza Eliya anaita moto kutoka mbinguni, kisha anakimbia kwa miguu mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Sura inayofuata amejilaza chini ya mretemu anaomba afe. Nabii yule yule. Malaika anapokuja hamkemei, hatafuti dhambi iliyofichika, hamwambii aongeze mfungo. Anamgusa na kumwambia, "Inuka, ule." Eliya anakula, analala tena, anaamshwa, anakula tena. Maongezi na Mungu yanakuja baadaye, huko Horebu, baada ya usingizi na mkate.

Na kwa kuwa umeitwa Yezebeli: katika habari ile Yezebeli ndiye aliyeapa kumuua nabii. Aliyeleta mkate na maji ni malaika. Mchungaji wako arudie kusoma aone mwanamke mwenye uji yuko upande gani, ingawa uji wenyewe tumekubaliana tunauacha.

Nikija kwake huyo mchungaji. Usiende peke yako tena. Mchukue mzee wa kanisa mmoja anayeheshimika, na kama kuna muuguzi au mwalimu wa afya miongoni mwa washirika, huyo ndiye hasa. Msiende kubishana kuhusu imani. Mtashindwa, yeye ndiye mwenye kipaza sauti. Mfungulieni Luka 17. Wakoma kumi walimlilia Yesu, naye akawaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Katika torati kuhani ndiye aliyekuwa anaangalia ngozi ya mwenye ukoma na kutamka kama amepona au bado. Yesu aliyewaponya mwenyewe aliwatuma wakakaguliwe. Basi kama mume wangu ameponywa, mwambie mchungaji, tunampeleka kwa daktari akakague, na siku daktari atakaposema apunguze dawa tutakuja kutoa ushuhuda mwingine, mrefu kuliko wa kwanza. Uponyaji wa kweli hauna sababu ya kukimbia vipimo.

Kisha mwombeni mambo yaliyo mkononi mwake. Ile video iondolewe kwenye magrupu, kwa sababu sasa mumeo amefungwa na ushuhuda wake. Akimeza kidonge kimoja ataonekana mwongo mbele ya watu wote waliolia. Hakuna gereza baya kama hilo. Apumzishwe uongozi wa maombi kwa muda, na atangaziwe kwa heshima kama anavyotangaziwa aliyefanyiwa upasuaji. Akianguka upande wa pili, maana huko chini kunaweza kurudi, waje nyumbani wachache, wakae naye, wapike, wasimhoji. Na sadaka yoyote kubwa aliyoitoa au kuiahidi katika kipindi hiki isipokelewe. Kanisa linalojiheshimu halipokei kiwanja kutoka kwa mtu ambaye hajalala wiki tatu.

Akikataa yote hayo, mchungaji ana wakubwa wake. Karibu kila kanisa lina mwangalizi au askofu. Mwandikie, mzee wa kanisa atie sahihi. Na ikibidi, salini kwingine kwa muda. Watakuambia umeasi. Waache waseme.

Msidhani pia kwamba kliniki na kanisa ni maadui wa asili. Kule Lutindi, milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha makao mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na baada ya miaka michache pakawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili. Mpaka leo ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyo chini ya KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wagonjwa wanapata dawa, wanafanya kazi za shamba na za mikono, na wanasali. Mkristo wa nchi hii akiambiwa kwamba vidonge ni kukosa imani, ana zaidi ya miaka 100 ya kujibu.

Mama mkwe nitampitia haraka. Ana uchungu, mwanawe alimwita mchawi mbele za watu, na hilo nadhani hakuna aliyewahi kumwombea radhi. Mweleze kwamba yalikuwa maneno ya ugonjwa. Mpe kazi: aje akae na wajukuu wiki hii. Mtu mwenye kazi ndani ya nyumba hana haraka ya kwenda kwa mtaalamu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sitaki ulisome juu juu. Alipokuwa chini alisema bora akapumzike. Maneno hayo ni ya kuulizwa wazi: "Baba fulani, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Kama mna dawa za kuulia wadudu kwa ajili ya shamba, au hata hizo pakiti za vidonge, zitoke nyumbani leo, apewe ndugu azitunze. Hali ya hatari ni hii: hajalala kabisa usiku mbili mfululizo, au anataka kupiga watu, au anasikia sauti zinazomwamuru, au anazungumzia kufa. Ukiona mojawapo usisubiri miadi ya kliniki. Waite watu wawili watatu anaowaheshimu, mkodi gari, mwende hospitali, hata usiku. Asifungwe kamba wala asipigwe, na asikabidhiwe kwa mtu yeyote anayesema pepo linatolewa kwa kuchapwa au kwa kunyimwa chakula. Akikataa katakata kwenda, ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayoweka utaratibu wa ndugu kumfikisha mgonjwa asiyekubali. Kliniki watakuelekeza kesho, uliza ukiwa hapo hapo. Gharama zikikushinda, pitia dirisha la ustawi wa jamii ndani ya hospitali, usirudi nyumbani kimya.

Jambo moja la pembeni lakini nimeliona likiharibu watu: mtu akiwa chini, jirani mwema hununua dawa ya sonona duka la dawa. Kwa mwenye baipola, dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kumrusha juu tena. Usikubali dawa ya mtu.

Na wewe je? Umeuliza kama huna imani. Mwanamke anayelea watoto watatu, anauza mchele, na usiku anahesabu pumzi za mumewe, simwoni kama mtu wa kuulizwa swali hilo. Ila una uchovu ambao nao ukiachwa utakulaza. Mtafute dada mmoja, mmoja tu, umweleze yote uliyoniandikia mimi. Watoto nao waambie kwa kifupi kwamba baba anaumwa, ugonjwa wake unamfanya asilale na aongee sana, na si kosa lao. Mkubwa wako atakuwa ameshaiona ile video.

Nimalizie na kiwanja. Nyumba mnayoishi ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwenzi mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwingine. Wewe usitie sahihi popote, hata ukiambiwa ni fomu ya maombi. Sheria hiyo hiyo inakupa nafasi ya kuweka zuio. Ofisi ya msaada wa kisheria itakuandikia. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa pia, umwambie kwamba mumeo anaumwa na hakuna mauzo, kwa sababu mnunuzi yeyote ataanzia kwake. Hati au karatasi ya mauziano uliyonayo mpelekee kaka yako leo hii, kabla mumeo hajarudi kutoka kijiweni.